Mara Tatu Mlangoni Kwangu

Dada yangu Philomena,

Nakuandikia nikiwa hospitali, lakini usishtuke, si mimi ninayeumwa.

Tangu Jumatatu redio inatutangazia dhoruba ya theluji: upepo wa kung'oa mapaa, umeme kukatika, barabara kufungwa siku tatu. Mishumaa imekwisha dukani. Na tangu Jumatatu hiyohiyo Leona, mke wa mwanangu Gerard, alikuwa akija kunitaka nihamie kwake mlimani. Tangu mumewe aende mkoa wa mbali wa Alberta kutafuta kazi, hajaniletea hata bakuli la supu. Nikajua wamepanga, nikishatoka tu waiuze nyumba yangu. Mara mbili nikamjibia dirishani.

Leo asubuhi kaja na sanduku tupu, akaanza kukunja nguo zangu bila hata kuvua buti.

"Weka chini!" nikamwambia. "Nyumba hii haiuzwi, na mumeo mwambie hivyo."

Akakaa kitandani pangu. "Nani kataja nyumba, Mama? Naogopa kukwama peke yangu kule mlimani. Nina mimba ya miezi minne, na tangu juzi natokwa na damu."

Jirani mwenye gari la kusafisha theluji ndiye aliyetuleta. Daktari anasema moyo wa mtoto unapiga, tusubiri. Theluji imeanza kuanguka, na Leona amelala huku kanishika kidole.

Gerard nitamweleza mwenyewe. Wewe usimwandikie kwamba mkewe alibisha hodi kwangu mara tatu kabla sijamsikiliza.

Ni mimi nduguyo,
Ursula