Kopo la Mshenga

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazini huitwa Mama Chujio
Umri: miaka 61
Kazi: fundi wa maabara, mstaafu
Makazi: chumba cha kupanga, mtaa wa nyuma ya maabara
Tarehe 14 Machi, saa 3:10 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jana nilisikia kwamba binti mtunza stoo wa maabara yuko mahabusu kwa wizi wa kopo la unga wa paladi, madini ya bei kubwa. Hakuiba. Kopo ndilo hili nililoweka mezani kwako, afande. Naomba usilitikise.

Nilifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Tulichemsha magunzi ya mahindi kwa tindikali mpaka yatoe mafuta ya manjano yanayonukia kama lozi. Mafuta hayo tuliyapika kwenye mtungi wa shinikizo, pamoja na gesi ya haidrojeni na unga huu mweusi, tukapata kimiminika cha kuchanganya na petroli ili injini ipunguze moshi. Unga wenyewe hauliwi na kazi. Mimi niliuchuja, nikauosha, nikaurudisha koponi.

Marehemu Daktari, mkuu wetu, aliuita mshenga. "Anawakutanisha wawili, wakishaoana yeye anarudi kwao." Alijua anachosema, maana ndiye aliyekwenda kwa baba yangu kumposea fundi pampu, marehemu mume wangu. Maandishi haya ya kopo ni mkono wake: MSHENGA. ASIKAUKE. Siku kazi ilipokubali mara ya kwanza, tulijaza pikipiki yake, akazunguka uani mara tatu na koti jeupe, sisi tunakimbia nyuma tukinusa moshi kama wehu. Sijafurahi vile tena.

Mnamo tarehe 30 Novemba, saa 9:00 alasiri, nilikuwa nakabidhi kazi ili nistaafu. Mkuu mpya alikuwa ameagiza unga wote wa zamani upelekwe kuyeyushwa. Mtunza stoo alifika kwenye mstari wa kopo hili, akauliza, "Nifungue kabati nihakikishe?"

Nikamwambia lipo.

"Mama Chujio ukisema lipo, lipo," akasema, akasaini kwamba amelipokea.

Lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya sweta.

Nilijua ni kosa. Sikuuza hata chembe. Unga huu ukikauka unaweza kuwaka wenyewe, kwa hiyo kila Ijumaa jioni nimeuongezea kijiko cha maji, nikakaa nao kidogo. Nyumbani sina mwingine wa kukaa naye.

Jana saa 7:00 mchana nilikutana na mama yake mtunza stoo akileta chakula hapa kituoni. Alinisalimia vizuri, akaniuliza afya yangu. Hapo ndipo niliposhindwa.

Yule binti kosa lake ni kuniamini. Mwachieni. Sina la kuongeza. Nimesomewa haya na ndivyo nilivyosema.

Saini ya shahidi: (amesaini)

Maelezo ya askari: Nimesitisha maelezo ya ushahidi saa 4:25 na kumpa onyo la mtuhumiwa. Mtunza stoo ameachiwa saa 5:40. Alipopita kaunta alimwamkia shahidi. Kopo limepokelewa kama kielelezo. Shahidi hakuomba wakili wala dhamana, aliomba kijiko. Nimeandika kwenye kitabu cha zamu: kila Ijumaa, maji, kijiko kimoja.