Bakuli Chini ya Kawa

Usagara, Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za siku zote nilizokaa kimya. Natumaini barua hii imekukuta unaota moto jikoni, goti limetulia, na Baba amekubali kulivaa lile koti badala ya kuliacha msumarini lipendeze peke yake. Baridi ya Njombe mwezi huu naijua, ingawa mimi huku nalowa jasho hata nikiwa nimekaa tu. Viazi vimetoka vizuri? Na yule ndama, ameshika kunyonya?

Mimi mwili ni mzima. Nalisema hilo mapema ili usisome huku mkono uko kifuani. Lakini nina hofu, Mama, hofu ya kunisahaulisha hata kama nimekula. Juzi ulipopiga simu nilisema mtandao unakatika, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Ningeendelea kuisikia sauti yako ningeangua kilio, na nyumba hii haina pa kulilia mtu asisikike. Ndiyo maana naandika. Isome kwanza wewe mwenyewe, halafu ndipo umpe Baba.

Kazi ndiyo iliyonifikisha hapa, kwa hiyo nianze nayo. Yule Mzee Karim niliyekutajia, Mhindi mwenye duka la vitabu na fremu mjini, alipata oda ya hoteli moja ndogo kule Ushongo. Wanataka picha za majengo ya kale ya pwani hii, zichorwe kwa wino na kupakwa rangi za maji, wazitundike vyumbani. Akanipa mimi. Nimechora mnara wa saa, stesheni ya zamani, magofu ya Tongoni na boma la Pangani. Asubuhi nakaa kwenye kigoda mbele ya jengo, natoa mistari kwa wino. Rangi natia nyumbani kivulini, maana huku juani karatasi inakauka kabla brashi haijafika upande wa pili.

Na kazi hii ina wasimamizi! Sijapata kuchora hata dirisha moja bila mtu kusimama nyuma yangu. Pangani alikuja mzee mmoja, akatazama karatasi, akatazama boma, akatazama karatasi tena. "Binti," akasema, "madirisha mengine umeyapeleka wapi? Au umeyahamishia Njombe?" Alikuwa ameshaniuliza kwetu ni wapi. Nilipohesabu nikakuta kweli nimeruka moja, na wino haufutiki, ikabidi nipande mti mbele ya ukuta kuficha aibu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Siku zile nilikuwa na furaha, Mama, nataka ulijue hilo.

Sasa nikueleze nyumba. Nimepanga chumba cha uani kwa Bi Zuwena, mjane wa watu wenye asili ya Oman, mama mkali wa macho na mwepesi wa mkono wa kutoa. Tangu nifike hakuwa akiniacha nile peke yangu. Anaishi na mkwewe, Saumu, mke wa mwanawe Nassor ambaye yuko Maskati kazini. Saumu ni rika langu, mtani wangu, ndiye aliyenifundisha kupika wali wa nazi usigande. Ana mimba ya miezi saba. Kabla ya hii zimetoka mbili, na zote zilitoka akiwa ameshaanza kuzizoea. Kwa hiyo humu ndani watu tunatembea polepole na tunaongea polepole, utadhani mtoto amelala chumba cha pili.

Saumu anahudhuria kliniki bila kukosa, na pia mwalimu wa madrasa humwandikia kombe. Wewe hulijui, hata mimi sikulijua. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha maandishi huoshwa kwa maji na marashi mawaridi, na yale maji ya njano mgonjwa huyanywa kwa ajili ya baraka na utulivu. Saumu aliniambia kombe ndilo linalomfanya apate usingizi. Bi Zuwena huliosha mwenyewe, hulimimina kwenye bakuli la kauri, hulifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu wanachofunikia chakula, na kuliweka kwenye meza ya uani. Saumu akimaliza sala ya alasiri hunywa.

Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda.

Rangi ya ukuta inatakiwa ichanganywe mara moja, nyingi, itoshe picha zote. Ukiishiwa katikati ukachanganya nyingine haifanani kabisa, na ukuta mmoja unaonekana umejengwa na mafundi wawili waliogombana. Nilikuwa nataka njano iliyochujuka, ile ya chokaa iliyokaa juani miaka mingi, kwa ajili ya boma na stesheni. Nikamwomba Bi Zuwena bakuli jeupe, kwa sababu rangi hujulikana vizuri ndani ya kitu cheupe, akanipa moja katika yale yale ya kauri. Nikachanganya, nikaiacha juu ya meza ya uani itulie. Vumbi la mtaani lilikuwa linaingia. Nami nimefundishwa adabu za nyumba hii, kwamba bakuli haliachwi wazi. Nikachukua kawa, nikafunika. Wallahi, kama wanavyosema hapa, niliona nimefanya jambo la maana. Nikaingia chumbani kunyoosha karatasi.

Siku ile Bi Zuwena kombe alikuwa ameliweka ndani, kwenye kabati, kwa sababu ya vumbi lile lile.

Nilisikia sauti yake baada ya alasiri. "Saumu! Mbona kombe hujanywa?"

"Nimekunywa, mama."

"Umekunywa lipi? Hili hapa nimelishika."

"Lile la mezani. Nikasema leo mama kasahau marashi."

Mama, karatasi ya boma niliyokuwa nimeishika niliiweka kitandani. Nikatoka. Bakuli lilikuwa tupu, limebaki na ukoko wa njano chini. Saumu amesimama anafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, anatabasamu kama mtu aliyekosea siku ya wiki. Hakuwa ameelewa. Bi Zuwena alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Kwa pumzi moja nilitaka kunyamaza. Nilifikiri, ni maji tu, yatapita. Nilifikiri watasema mgeni Mkristo kaja kumlisha sumu mtoto wao. Kisha nikaliona tumbo la Saumu chini ya kanga, nikasema, "Ile ni rangi yangu, Bi Zuwena. Rangi ya kuchorea."

"Astaghfirullah. Ndani yake mna nini?"

"Sijui."

Hakuna neno lililowahi kunitoka kwa uchungu kama hilo. Nimepaka ile rangi miezi mingi na sijui mna nini. Tyubu nilinunua kwa bei ya chini, ina maandishi ya nchi nisiyoijua na alama ndogo ya hatari ubavuni. Alama niliiona. Ndiyo maana sijawahi kutia ile brashi mdomoni, na tulipokuwa tunajifunza kuchora mwalimu wetu alitukataza kabisa, akasema baadhi ya rangi zina madini mabaya. Nilijilinda mimi. Sikufikiria mtu mwingine yeyote.

Tulipanda bajaji, Saumu katikati, mimi nimekumbatia tyubu na bakuli. Tulipopita kwenye tuta Saumu aliguna, na mimi na Bi Zuwena tukamshika wote wawili kwa pamoja.

Hospitali daktari aliigeuza tyubu, akaipiga picha, akampigia mtu simu, akauliza ni rangi vijiko vingapi, maji kiasi gani, amekunywa yote au kaacha. Kisha wakamlaza Saumu wakaweka kipimo tumboni. Wakautafuta moyo wa mtoto, Mama. Nesi anasogeza kipimo huku, anakisogeza kule. Bi Zuwena anasoma dua kwa midomo tu. Mimi nilisema "Yesu" na nadhani nilisema kwa sauti, kwa sababu nesi aliinua macho. Kisha tukausikia moyo, unakwenda mbio mbio. Saumu akaanza kulia, na mimi nikakaa sakafuni.

Daktari alisema rangi ilikuwa kidogo na maji mengi, na kwamba ana matumaini. Nilimuuliza kama ni salama kabisa. Akasema hawezi kuniapia hilo kwa kitu ambacho maandishi yake hayaeleweki. Arudi kupimwa, na nyumbani tuangalie: akitapika, tumbo likikata, akiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, tumlete mbio.

Tangu siku hiyo salamu ya nyumba hii imebadilika. Hakuna anayeuliza umeamkaje. Tunauliza, "Amecheza?" Saumu akisema amecheza, Bi Zuwena anaendelea kuchambua mchele. Akisema bado, mikono yake inasimama, na mimi nasimama nilipo, hata kama nimebeba ndoo. Jana asubuhi alichelewa kucheza. Saumu alilala ubavu wa kushoto, akanywa maji baridi, tukakaa pande zake zote mbili. Alipocheza Saumu akatuambia, "Haya nendeni basi, mnamtia haya ntoto, ndiyo maana hatikisiki." Nilicheka, kisha nikaenda kuchota maji.

Majirani wanajua. Hakuna aliyenitukana, lakini wanawake wakija kumjulia hali Saumu wanavuta viatu vyao mbali na mlango wangu. Bi Zuwena bado ananiletea chakula. Anaweka sahani mlangoni, anasema "Kula," anaondoka. Zamani aliniita mwanangu. Sasa ananiita Aneth.

Saumu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa wema wake. Alikuja kukaa kitandani kwangu akasema, "Unajua usiku wa kuamkia siku ile nililala? Nililala kama ntu aliyepewa kitu. Nikajua kombe limekubali." Kisha akasema sasa hata akinywa kombe lenyewe anaogopa, anaonja kwanza kwa ncha ya ulimi, na usingizi hauji tena. Nilimnyang'anya hilo pia, Mama. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nshakusamehe, lakini mwambie na huyu," akauweka mkono wangu tumboni. Nikauacha mkono pale.

Picha sijazigusa. Boma limekaa kwenye karatasi na mistari yake, kuta nyeupe, na kila nikifungua kisanduku cha rangi nakifunga tena. Mzee Karim amepiga simu anauliza, nikamweleza yote, akasema kama kwa binti yake, "Pole, beti. Hoteli itangoja." Hata yeye anaongea polepole sasa.

Nimekuwa nafikiria kuondoka. Kila wanaponiona wanakumbuka. Nimeona heri nikuombe umtume kaka Faraja aje anichukue, kwa sababu peke yangu nitaogopa kuaga. Nikae huku kufanya nini, zaidi ya kuwasikiliza wakiulizana?

Msalimie Baba, mwambie asinikasirikie kabla hajasoma mpaka mwisho. Msalimie bibi, mwambie nimevaa ushanga wake. Wifi yangu mke wa Faraja na watoto wake, shangazi wa kule bondeni anayeniombea kila Jumatano, na Mama Mchungaji, wote wasalimie. Wakiuliza habari zangu waambie niko salama, wasijue mengine.

Mama, nilikuwa nimefika hapo, bado jina tu, Bi Zuwena akabisha hodi. Hajapata kuingia chumbani kwangu tangu siku ile. Akaona karatasi.

"Unamwandikia mamako?"

"Ndiyo."

"Ushamwambia?"

"Nimemwambia yote."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyokonda. "Mwambie na mimi naogopa," akasema. "Mwambie bakuli nilikupa mimi, kwa mkono wangu." Nikaanza kukataa, akanizuia kwa kiganja. Akasema nisiende popote, kwamba Saumu ameomba siku ya kujifungua niwepo, na yeye amekubali. "Akizaliwa mzima utampakata wewe mwanzo, kabla yangu."

Kwa hiyo yale niliyoandika kuhusu Faraja yaache, asije. Ninabaki. Tuombee wote watatu, na huyo wa nne.

Nilingoja Bi Zuwena aseme itakuwaje mtoto asipozaliwa mzima. Aliinuka akaenda kumuuliza Saumu kama amecheza.

Mwanao,
Aneth