Maziwa ya Mama Chebet Hayakuwa na Sumu

Mtaa wa West Indies, Eldoret

Persila mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na magoti yako. Yanasemaje na hii mvua? Ulienda kwa yule mama wa dawa au bado unangoja yapone yenyewe? Mimi niko hai. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, lakini navaa sweta mbili na koti la marehemu, na ninakula. Mtoto amenenepa. Kwamba alipewa jina la mama yetu ulishasikia, sasa ujue analia pia kama yeye: anafungua mdomo kwanza, sauti inakuja baadaye. Beatrice, mke wa Ochieng' wangu, amepata nguvu, anafua mwenyewe. Mimi bado nalala kwenye kile chumba cha jikoni. Siwezi kulala nyumba moja na mwanangu na mke wake, hata watu wa mjini wakicheka.

Salamu zimetosha. Sasa kaa chini.

Barua yako nimeisoma mwenyewe bila kumpelekea mtu. Nilipofika pale unaposema uliwasomea akina mama wa kanisa ile barua yangu ya sumu, na wakapiga makofi, niliikunja, kisha nikaifungua tena. Halafu nikafika kwa Jerotich. Unasema yule mke wa Okoth, mtoto wa kaka yetu, ameambiwa asiguse tena sufuria za matanga, kwa sababu ametoka huku kwa Wakalenjin, kama yule jirani niliyemshika na sumu. Unasema hata chai yake watu wanaimwaga nyuma ya nyumba. Persila, hayo maneno yalianzia kwa nani? Kama ni kwako, ngoja. Mimi nitasema kwanza, wewe utafuata.

Hakukuwa na sumu. Nilikosea. Ile barua niliiandika nikijisifu, nikaacha mambo mengi, kwa hivyo nakuambia tena kutoka mwanzo.

Jirani yetu, mlango unaofuata, ni Mama Chebet. Mume wake ni mlinzi. Yeye anauza maziwa yanayoletwa na dada yake kutoka Ziwa, kile kimji cha huku huku kwao, mengine mabichi, mengine ya kibuyu ambayo wanayaita mursik. Nilipokuja hapa kumsaidia Beatrice kujifungua, hakuna mtu wa ploti hii ya vyumba vya kupanga aliyenisalimia kabla yake. Aliniita Kogo, ndivyo watu wa huku wanavyoita nyanya. Nikamwambia mimi si nyanya yake. Akacheka, akaendelea kuniita hivyo hivyo.

Huyo mama ana vitabu. Ni vidogo, majalada yamechakaa, vinafuatana kama watoto wa mama mmoja. Kila kitabu kina mwanamke wake na mahali pake, na kila mwanamke anafichua uovu ambao polisi wameshindwa nao. Mmoja ni mkunga kwenye kisiwa. Mwingine ni mjane anayeuza mafuta ya taa kwenye mji wa ukame, ngamia wanapita mbele ya duka. Mwingine ni mpishi kwenye shamba la chai. Hawana bunduki, hawana gari. Wanatazama tu vitu ambavyo wanaume hawavitazami: nani ameosha kikombe kabla ya wenzake, nani amelia bila machozi. Nikajiambia, hii kazi naiweza. Tangu niolewe nimefanya kazi gani nyingine isipokuwa kutazama watu?

Mchana, nguo zikishaanikwa, tulikuwa tunakaa kwenye baraza juu ya gunia. Ananisomea ukurasa, na mimi namsomea ukurasa, nikisukuma maneno kama mkokoteni kwenye matope. Unajua mimi kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye ngumbaru. Hakunicheka. Karibu na mwisho wa kitabu anakifunga na kidole ndani.

"Haya Kogo, shika muuaji."

"Ni daktari."

"Kwa nini daktari?"

"Anacheka sana. Na viatu vyake vinang'aa wakati wa msiba."

Haikuwa daktari. Kitabu kilichofuata nikasema ni mke mdogo, na haikuwa mke mdogo. Kila kitabu nilikosea, na yeye alipatia. Siku moja akaniambia, "Kogo, wewe unashika mtu kwa sababu humpendi. Hutafuti alichofanya." Nilinuna mpaka jioni. Mimi nimezika mume, nimelea watoto, nimesimamia shamba, halafu mtoto wa juzi ananifundisha kutazama watu. Nilitaka mara moja tu nishike mtu, na nipatie.

Beatrice akajifungua. Wewe ulituma omena, wale dagaa wakavu wa ziwa la kwetu, nami niliwaweka ndani ya gunia kwenye kile chumba changu, karibu na ukuta unaotoka maji. Kila siku nilimpikia Beatrice omena wenye mchuzi mwingi ili apate maziwa ya kunyonyesha. Wengine tulikula sukuma wiki. Omena walikuwa wake yeye mzazi. Wakaanza kunuka. Beatrice akasema, "Mama, hawa samaki wana harufu." Nikamwambia hiyo ni pua ya mtu wa mjini, ale.

Siku hiyo hiyo Mama Chebet akaja na kibuyu chake kimefungwa ukanda wa ngozi wenye shanga. Akamimina maziwa kwenye kikombe, akamwambia Beatrice, "Kunywa, mzazi lazima arudishe damu." Beatrice akanywa, akalala. Kabla ya jua kushuka alikuwa anatapika na kuendesha, macho yameingia ndani, mtoto analia njaa. Ochieng' alikuwa kazini. Majirani wakampeleka hospitali kwa pikapu ya mwenye duka, mimi nikabaki kufuta sakafu.

Nikachukua kile kikombe. Chini palikuwa na unga mweusi.

Persila, nilifurahi. Mke wa mwanangu yuko hospitali na mimi nimefurahi. Hilo ndilo linaloniamsha. Yule mpishi wa shamba la chai alimshika muuaji kwa unga mweusi chini ya kikombe. Niliuona kama mtu anayeona jina lake limeandikwa.

Ule unga ni mkaa. Wanachoma kijiti cha mti wao, wanakisugua ndani ya kibuyu, na mkaa wake laini ndio unaoyapa maziwa ladha na kuyazuia yasiharibike. Hapa mtoto anajua hayo kabla ya kuota meno. Mimi maziwa niliyoyajua ni meupe, kama yale ya pakiti watoto wanapewa shuleni. Ningengoja Ochieng' arudi nimuulize, angecheka, na ingeishia hapo. Sikungoja. Wale wanawake wa vitabu hawangoji mtu.

Na unajua wanachofanya mwisho wa kitabu? Wanakusanya watu wote mahali pamoja, wanaeleza, halafu wananyosha kidole. Nikatoka na kikombe, nikawaita wanawake wote wa ploti kwenye mfereji, pale bombani tunapochota maji. Walikuja na ndoo zao. Mama Chebet alikuja pia, mikono ina povu la sabuni. Nikaanza kueleza: nani aliingia nyumbani, nani alimimina, nani alisisitiza mzazi anywe. Yeye akatabasamu. Alidhani ni mchezo wetu.

"Kogo, umefika kitabu cha ngapi?"

Nikamnyoshea kidole. "Ni wewe. Umemlisha mke wa mwanangu sumu."

Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama mtu amelisahau pale. Akasema, "Huo ni mkaa, Kogo. Ni mkaa tu." Nikasema watu wa huku hawatupendi sisi watu wa ziwa, kila mtu anajua. Hilo nililisema, mdogo wangu, mbele ya watoto wake. Halafu nikachukua kibuyu chake kilichokuwa bado mlangoni kwangu nikakipiga kwenye simiti ya mfereji. Maziwa yakaenda na maji machafu. Mama Chebet aliinama akaokota vipande, akaviweka ndani ya kanga. Hakulia. Mama Njeri, yule mwenye duka, ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kile kibuyu alipewa na mama yake siku ya harusi, na mama mwenyewe alishakufa.

Usiku huo nikakuandikia wewe barua ya kujisifu.

Beatrice akarudi baada ya kuwekewa maji ya mshipa. Nesi alisema ni chakula kibovu. Mimi nikasema nesi ni mtoto, anajua nini. Omena walikuwa wamebaki kidogo, na siwezi kutupa chakula, unanijua. Nikawapika nikala peke yangu, maana Beatrice alikataa katakata. Nililala chini karibu na ndoo, nikitapika kama yeye, nikiendesha kama yeye. Na midomo yangu haikuwa imegusa maziwa ya mtu. Nikatazama lile gunia limekaa kwenye ukuta wenye maji, lina ukungu wa kijani upande wa nyuma. Si kosa lako, wewe uliwakausha vizuri. Ni mimi niliyewaozesha, nikapika, nikamlazimisha mzazi ale. Muuaji wa kitabu hiki ni mimi.

Kwa muda huo wote hakuna aliyekuwa amenunua maziwa kwa Mama Chebet. Mwenye hoteli barabarani alimrudishia debe likiwa limejaa. Watoto wa ploti wakipita mlangoni kwake wanaziba pua. Mume wake alishasema, hali ikiwa hii, mwisho wa mwezi wanafunga mizigo, wanarudi Ziwa, na shule ya watoto itajulikana huko mbele.

Nilipopata nguvu ya kusimama nilienda kwake. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Nikasema, "Walikuwa ni omena wangu."

"Najua. Hata mimi niliwasikia harufu ukutani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema nini kikasikika?"

Nikamwambia nitamtafutia kibuyu kingine. Akasema, "Usinitafutie kibuyu, Mama Ochieng'. Mimi sitaki pole ya ndani ya nyumba. Uliniharibia pale mferejini. Nenda mferejini, uwaite kama ulivyowaita siku ile."

Kuita watu waje waone mtu ameaibishwa ni rahisi, wanakuja wakikimbia. Mara hii ya pili walikuja watatu, na mmoja alikuja kwa sababu alikuwa anahitaji maji. Nikasema yote. Nikasema ni mimi, ni omena wangu, ni mdomo wangu. Nikaomba mursik kwa Mama Chebet nikanywa mbele yao, kikombe kizima pamoja na mkaa. Kile kitu ni kichachu, Persila, kinakunja uso. Nikaenda mlango kwa mlango na kile kikombe. Nikaenda hotelini. Mwenye hoteli alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Mama mzee, wamekutisha?" Mama Njeri naye aliniuliza, "Mbona umebadilika hivi? Walikufanyia nini?" Nikamwambia sijafanyiwa kitu, nimekosea. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mimi ndiye nimerogwa.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Siku ya sumu hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nina hakika. Siku ya ukweli kila mtu anataka ushahidi. Ile hadithi yangu waliipenda, nami niliisimulia vizuri, na sasa haitaki kurudi kwangu.

Nanywa maziwa yake kila asubuhi pale barazani, ili watu wapite wanione. Wanawake wawili wameanza kununua tena. Hotelini bado. Kama watahama au watakaa sijui, na yeye haniambii. Jana aliniwekea kikombe akarudi ndani. Tumbo langu halijazoea, lakini hiyo ni shida ya tumbo.

Sasa wewe. Huko nyumbani mimi siko, siwezi kwenda mlango kwa mlango. Kuna mtoto wa watu anaitwa Jerotich ambaye hajui hata ploti yetu iko wapi, na chai yake inamwagwa kwa sababu ya mdomo wangu. Ulisomea kanisa barua ya kwanza kwa sauti, na nakujua, ulisimama ukaweka mkono kiunoni. Simama tena. Soma hii kwa sauti ile ile, mbele ya wale wale waliopiga makofi. Usiruke mahali nilipofurahi. Usiruke pale niliposema juu ya watu wa huku. Ukiona aibu, ujue ni yangu, wewe unaibeba tu. Na wakikuuliza kama nimetishwa, waambie Dorka hajawahi kutishwa na mtu.

Umsalimie mume wako, mwambie apunguze tumbaku, kikohozi chake nakisikia mpaka huku. Umsalimie shemeji mkubwa, mzee wa kanisa, na umwambie yeye ndiye angepaswa kuuliza kabla ya makofi. Umsalimie mama mkwe wa yule mdogo wetu aliyeolewa kule ng'ambo ya mto, naye umsomee pia, maana huyo ndiye anayesambaza habari haraka. Umsalimie Okoth, umwambie shangazi yake amemkosea ndani ya nyumba yake.

Jerotich usimpe salamu zangu. Salamu ya kutumwa haimtoshi. Matanga yakitokea, apike, na wewe Persila ule wa kwanza, watu wakitazama. Mimi nikija nyumbani sitaanzia kwako, usininunie. Nitaenda na mzigo wangu kichwani moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, na nitakaa hapo nje mpaka anipe chakula au anifukuze.

Ni mimi dada yako,
Dorka