Kiwanja Kilichoandikwa WAZI

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, ila goti limeanza tena ubishi wake. Nakuandikia kwa sababu habari hii ni nzuri mno kuisema kwenye simu inayokatikakatika.

Nimepata kiwanja, kwenye mtaa ule mpya mliouchora ofisini kwenu. Ramani wameibandika pale wanapouzia, na jina lako liko kwenye kona. Viwanja vyote vina namba, ila kimoja kikubwa katikati kimeandikwa WAZI. Nikamuuliza binti wa mauzo, "Na hiki?" Akasema, "Si kiko wazi, mama? Hakijachukuliwa." Nikakichukua. Jirani yangu fundi cherehani akanishauri nikaulize kwanza ofisi ya ardhi. Nikamcheka. Nikaulize nini, na aliyechora ni wa tumbo langu?

Msingi unaanza Jumatatu. Chumba kimoja ni chako.

Mama yako

28 Februari

Mwanangu,

Unaumwa? Simu inaita mpaka inachoka. Dada yako ananiambia umebanwa na kazi, nami najitahidi kuamini.

Ukuta umefika kwenye madirisha. Juzi wanawake wanne wa nyumba za pembeni walikuja kuniuliza kwa nini najenga kwenye uwanja wao. Uwanja wao! Nikawaambia wakasome ramani, maana anayejua kusoma hagombani na mtu. Waliondoka bila kuniaga. Nimeishi na watu vizuri umri huu wote, na jambo hilo limeninyima raha.

Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

19 Aprili

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Naona haya hata kuuliza.

Barua zako zote mbili nilizipata. Mama, pale hapajengwi. Sheria inataka kila mtaa mpya uache sehemu ya watu wote, wapate pa kukaa na kupumzika, na maji ya mvua yapate pa kuzama. Niliandika hivi: "Eneo la wazi la wakazi wote, lisijengwe." Maneno yakabanana na namba za viwanja, mkuu wangu akasema fupisha. Nikafuta yote nikaacha neno moja. Siku ile ile nilijua mtu anaweza kulisoma vingine. Nikajisemea, anayenunua atauliza.

Barua yako ya kwanza ilipofika, nilitaka kukupigia hapo hapo. Lakini kukwambia wewe ilikuwa ni kuwaambia na ofisini, na niliogopa kufukuzwa. Kila asubuhi nilisema kesho. Simu yako ikiita nilikuwa naitazama tu. Sina cha kujitetea.

Simamisha ujenzi, nakuomba. Nitakuja nikusaidie kueleza.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Natumaini afya yako ni njema. Mimi nala, nalala.

Barua yako ilinikuta nimeshapaua. Siku mbili baadaye watu wa ofisi ya ardhi wakaja na rangi nyekundu wakaweka alama ya kubomoa kwenye ukuta wa mbele, kisha tukaitwa kikao. Afisa wa ardhi aliitandaza ramani ile mezani. Jua limeifuta kona yote, jina halisomeki. Akauliza nani kachora. Akanigeukia mimi: "Mama, unamfahamu?"

Nikasema simfahamu.

Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma yangu. Anakujua tangu ukiwa mgongoni. Kikao kilipokwisha alinishika mkono niinuke, kwa ajili ya goti, na hilo liliniuma kuliko kama angenisuta. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikikutaja bila kuulizwa, hata kwenye foleni ya zahanati, mpaka watu wakanikimbia. Safari hii nimeulizwa.

Wale wanawake wanne niliwafuata nyumbani, mlango kwa mlango, nikawaomba radhi. Wamenisamehe. Wanasema mimi ni mama wa watu niliyedanganywa, mwenye kosa ni huyo mchoraji, na wakamsema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikaitikia. Nilikaa nao sebuleni, nikanywa chai yao, nikaitikia.

Mafundi wanaondoa mabati kesho. Umesema utakuja kunisaidia kueleza. Usije kwanza, mwanangu. Ukija sasa wataniuliza huyu ni nani.

Mama yako