Herufi Zangu Kwenye Ukuta wa Soko

Soko la Riamanani, nje ya Ekerenyo
Jumatatu, 4 Machi 2024

Kwako Dada Nyanchama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mosocho, na kwamba kifua kilichokusumbua kwa harufu ya rangi kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu leo asubuhi Bwana Onsongo, msimamizi wetu wa soko, alikusanya simu zetu ofisini akazipekua moja moja. Mzee Ombati wa gari la maziwa atakuletea. Ukimaliza kusoma, choma.

Dada, uliniambia ni kwa ajili ya maonyesho ya Kisii mjini. Ulisema nikuandikie maneno yale kwa mwandiko wangu wa shule, wewe utayapanua. Nikaandika, tena nikijivunia. Juzi Sabato natoka kanisani, nafika sokoni, nakuta ukuta wote wa vibanda vipya umejaa mchoro wako wa mama na mkungu wa ndizi, amekaa kwenye matope, nyuma yake milango yenye kufuli. Na juu yake maneno yangu, kila herufi ina urefu wa mtoto: "Sisi tuko kwenye matope. Funguo ziko ofisini." Ile g yangu yenye mkia uliojikunja inaonekana kutoka barabarani.

Kila mtu anajua vibanda hivyo vilikwisha kujengwa miaka miwili iliyopita, na kwamba Bwana Onsongo anawawekea rafiki zake. Lakini hakuna aliyewahi kulisema mbele yake. Leo alinisimamisha pale ukutani akaniuliza, "Karani, wewe umesoma. Mtu huyu amefika kidato cha ngapi?" Nikasema siwezi kujua. Akasema huyu alifundishwa na mwalimu mwenye fimbo. Kisha akaniagiza nikusanye mwandiko wa kila mwenye kazi sokoni. Mimi, Dada, ndiye wa kukusanya.

Nimebakiza miezi miwili niajiriwe kazi ya kudumu. Tangu asubuhi najaza daftari kwa herufi nilizozilaza upande wa kushoto ili kuuficha mwandiko wangu, na mkono unauma. Naomba uje ufute maneno tu. Picha ibaki.

Ndugu yako mdogo,
Thadeus


Mosocho
6 Machi

Kwa Thadeus, momura ominto, ndugu yangu,

Bwakire, umeamkaje? Kifua changu kiko sawa. Ni wewe ninayekuhofia, maana hata salamu zako zinatetemeka.

Barua yako imenikuta juu ya ngazi, napaka ukuta wa saluni ya Gladys. Nimecheka mpaka Gladys akatoka kuangalia kama nimeanguka. Unafikiri nilikuja kwa kunyata? Nilikuja saa tatu asubuhi na ovaroli yangu, nyinyi wote mkiwa kanisani. Alipita mwanamume mmoja tu, akauliza kama hiyo ni kazi ya serikali. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nisisahau kupaka na choo.

Karatasi yako niliipiga miraba, nikapiga miraba mikubwa ukutani, nikahamisha mraba kwa mraba. Sikubadilisha hata nukta. Herufi zangu mimi ni za dukani, mtu akiziona anadhani ni tangazo la sabuni. Zako zinaaminika, ndiyo maana nilizitaka. Kukudanganya nilikosa, na kwa hilo niwie radhi. Lakini kufuta, sifuti. Watu wanakuja kuipiga picha hata kutoka Marani.

Mnyamazie tu huyo Onsongo. Atachoka.

Dada yako,
Nyanchama


Riamanani
11 Machi

Kwako Dada,

Natumaini u mzima na kazi ya Gladys imekwisha vizuri. Mimi silali vizuri.

Bwana Onsongo hajachoka. Ameamua kwamba mama wa kwenye picha ni Mama Bosibori, anayeuza ndizi pale langoni, na kusema kweli ni yeye. Kitambaa ni chake, na hata kukalia mguu mmoja ni kwake. Alipoitwa ofisini hakukana. Alisema, "Hata mimi nimejiona. Lakini mbona huyo mchoraji amenipunguza mwili?" Wengine wakacheka, Bwana Onsongo hakucheka. Anasema mama huyu ndiye aliyemtuma mchoraji. Mama Bosibori hajui kusoma wala kuandika, huweka kidole gumba tu. Kwa hiyo, anasema, kuna mtu alimwandikia, na asipomtaja ataondoka sokoni.

Leo ameniagiza niandike tangazo la kumwondoa. Wino wa mashine umekwisha, kwa hiyo niandike kwa mkono, vizuri, nilibandike kwenye ubao kabla ya Alhamisi saa nne. Ubao uko kwenye ukuta ule ule, hatua tatu kutoka kwa maneno yangu. Nikiandika kwa mwandiko wangu, soko zima litanijua. Nikiuficha, Mama Bosibori anaondoka kwa karatasi yangu. Amekaa pale langoni miaka kumi na tisa.

Niambie nifanye nini.

Ndugu yako,
Thadeus


Mosocho
12 Machi

Thadeus ndugu yangu,

Salamu nitakupa nikifika. Usiandike. Mwambie mkono umevimba, mwambie unaumwa, kaa nyumbani. Alhamisi saa nne nitakuwa mlangoni kwake na ndoo zangu. Picha ni yangu, na nitasema maneno pia ni yangu. Akitaka niandike mbele yake nitaandika, hiyo g yako naijua kuliko wewe. Wakinipeleka kituoni, wanipeleke.

Wewe fanya jambo moja tu. Usitie mkono wako kwenye karatasi hiyo.

Dada yako,
Nyanchama


Riamanani
13 Machi

Kwako Dada,

Natumaini hujambo. Barua yako niliipata jana jioni. Nataka ujue hivyo, nisije siku moja nikakwambia ilichelewa.

Nimeliandika tangazo. Nimeliandika kwa mkono wa kushoto na kulibandika leo asubuhi, siku moja kabla, ili ukija usikute cha kuzuia. Wangekukamata, wangeuliza jina la baba yako, na jina hilo liko kwenye faili yangu pia. Nililifikiria hilo usiku kucha, sikupata njia nyingine. Pengine ilikuwepo.

Mama Bosibori aliona watu wamekusanyika kwenye ubao, akaja dirishani kwangu kuomba nikamsomee. Nikatoka nikamsomea. Akaniomba nirudie polepole. Nikarudia. Akatazama ukutani, kisha karatasi, akasema, "Yale ya juu aliandika mtu aliyetulia. Haya aliandika mtu mwenye haraka." Akakunja gunia lake akaniambia, "Asante mwanangu. Wewe angalau umenisomea."

Bwana Onsongo amefurahi. Amesema mambo ya mwandiko yamekwisha, na kwamba anataka ofisini watu kama mimi. Amenikabidhi funguo za vibanda nizitunze. Ziko kwenye droo yangu. Nikiivuta kutafuta kalamu zinagongana.

Usije, Dada. Mambo yametulia.

Ndugu yako,
Thadeus


Mosocho
Jumapili, 17 Machi

Thadeus,

Natumaini u mzima.

Sikuja Alhamisi, kama ulivyotaka. Nilikuja jana, Sabato, na ndoo ya rangi nyeupe. Nimefuta maneno yako yote. Sasa hakuna mtu atakayeyalinganisha na chochote, unaweza kurudi kuandika kama ulivyozoea. Picha nimeiacha. Onsongo akiichukia, apande ngazi mwenyewe.

Kisha niliuliza kwa Mama Bosibori nikaelekezwa. Siku hizi anatembeza ndizi kwa beseni kando ya barabara, miguu imemvimba. Nikamwambia mimi ndiye niliyemchora na kumponza. Nilitarajia anifukuze. Alinipa uji. Aliniambia hata akiambiwa achague tena, angependa kuchorwa, ila mnene zaidi.

Nilipomwambia maneno nimeyafuta, alisema alisomewa mara moja tu, yakamkaa, akanitajia yote bila kukosea. Akauliza ni nani aliyeyaandika, maana angependa kumshukuru.

Nikamwambia simjui. Njia nzima mpaka Mosocho nilikuwa najiuliza kama nimemdanganya.

Usiniandikie kwanza.

Nyanchama