Hesabu za Samiha Kwenye Simu

Shangazi Mishi, shikamoo. Nisaidie, nimechoka, hata kuwaza nimechoka. Binti yangu Samiha yuko gredi ya tatu hapa Chaani, na mwalimu wake, Mwalimu Gedion, aliwaanzishia mchezo wa hesabu kwenye kompyuta za shule kisha akatuomba wazazi tuuweke kwenye simu, kuna kima anavuka mto, kila jibu sahihi anaruka jiwe moja, akikosa anatumbukia, anajikung'uta maji, anaanza tena, basi Samiha kampenda kima huyo kuliko chakula. Mimi nashinda nimesimama kwenye ghala la majani ya chai, nikirudi miguu imevimba, lakini tangu awe chekechea ni mimi niliyemfundisha, tukihesabu mbaazi kwenye sinia, na siku hizi nikimwita hataki, nikimuuliza saba mara nane huniangalia mdomo tu, machozi yakimlenga, ilhali kwenye simu hubonyeza jibu hilo hilo bila kufikiri. Nilimuuliza huyo kima ana nini nisicho nacho mimi, akanijibu, "Kima hafyonyi, mama," nikamfukuza akalale, maana sina nguvu za kujibizana na mtoto. Baba yake, Luqman, ataka nifute mchezo, asema mtoto apumbazwa, na mwalimu asema Samiha sasa anafanya vizuri darasani. Wallahi naona nimenyang'anywa mwanangu na kima. Niufute?

Mama Samiha, Chaani

Marahaba, Mama Samiha, na pole kwa miguu. Jibu ulilipata, ukalifukuza likalale.

Mtoto anayekutazama mdomo hajasahau hesabu. Anangoja ufyonye akikosa. Sisi wanawake wa hapa twafyonya kwa kila kitu, sufuria ikiungua, maji yakikatika, mume akichelewa, hata wenyewe hatujisikii. Samiha anakusikia. Najua unalolifyonyea ni hilo ghala, lakini anayeketi nawe kwenye sinia ni yeye.

Usifute kitu. Kima ana subira kwa sababu hajashinda amesimama. Wewe ukitoka kazini usimfundishe mtu. Oga, ule, uweke miguu juu, kisha mwambie Samiha akufundishe huo mchezo. Utakosa, utatumbukia mtoni, mwache akucheke. Luqman naye aketi hapo, apumbazwe kidogo.

Siku ya mapumziko toa mbaazi zako. Akikosa, mwambie ajaribu tena. Ukihisi mfyonyo waja, meza mate, unyamaze. Siku atakayokosa macho yakiwa kwenye sinia, si kwenye mdomo wako, ujue mwanao amerudi.