Nguo za Mchana za Baba Nyamisi

Baba Nyamisi,

Jumamosi hii, jua likiwa utosini, ndugu zako watakuzika hapa Kiriba. Kwa kuwa mwenyewe hupo na hakuna ajuaye uliko, watakata mgomba, wauvike nguo zako, wautaje kwa jina lako, kisha waufukie nyuma ya nyumba ya marehemu baba yako. Kazi ya kuchagua nguo nimeachiwa mimi, maana mke ndiye ajuaye mumewe alipenda kuvaa nini. Barua hii naiandika wazi, haina bahasha. Ningekuwa na anwani yako nisingekuwa na msiba. Atakayeisoma, na kama anakufahamu, namwomba akusomee.

Usidhani nilikubali kirahisi. Dada yako wa Butiama, wifi yangu yule asiyejua kunong'ona, ndiye aliyeleta neno hili kwanza, na siku ile nilimtoa jikoni kwangu na mwiko mkononi. Lakini sasa Nyamisi amepata mchumba. Ni kijana wa Mugango, fundi wa redio, mpole, anamsikiliza mtu mpaka amalize. Wazee wa ukoo wako wamekataa ng'ombe wa mahari kuingia kwenye boma ambalo mwenyewe si mzima wala si maiti. Wanasema uzikwe kwanza ndipo mtoto aolewe. Nyamisi anafagia uwanja asubuhi, akimaliza anaufagia tena. Nimemtazama hivyo kwa muda mrefu, mwisho nimeshindwa.

Basi nguo zako ziko kitandani. Lipo koti la harusi yetu, ipo sare nyeupe uliyovaa melini ulipokuwa mhudumu wa chumba cha kulia cha daraja la kwanza, na ipo ile kaptula ya maua uliyorudi nayo kutoka ng'ambo. Wifi anataka koti. Nikamwambia mazishi ni mchana, na koti ni vazi la jioni. Akanitazama kama anamtazama mtu aliyepagawa. Simlaumu, hakuishi na wewe.

Mimi niliishi na wewe. Nilizijua sheria za kile chumba kabla sijaujua ukoo wenu wote. Tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga Musoma mjini, na kila meli ikirudi kutoka Mwanza ulikuwa unanisimulia nani aliingia kula na amevaa nini. Mchana koti si lazima. Shati liwe na kola. Suruali iwe ndefu, na kaptula inaruhusiwa ikiwa na soksi ndefu za kufika chini ya goti. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mwanamke avae gauni, asije na kanga mbili kama anakwenda kisimani. Jioni ndiyo koti na tai. Maneno hayo yalibandikwa mlangoni kwa Kiingereza, ndani ya kioo, tangu enzi za wazungu walioileta meli, na wewe uliyakariri kama Baba Yetu. Hata nyumbani, ugali wa udaga wa muhogo na sato wa kuchemsha, hukukubali kukaa mkekani mpaka umefunga kifungo cha shati. Nilikuwa nakucheka, na wewe ulikuwa unanuna kweli kweli.

Halafu ikaja ile miaka ya kukosa kila kitu. Sabuni hakuna, sare yako nilikuwa naifua kwa majani ya mpapai. Kitambaa kikifika dukani kinagawiwa kabla hakijashuka kwenye lori. Jirani yetu na binti yake walikuwa na kanga moja nzuri, mmoja akienda nayo kanisani mwingine anabaki ndani anasali kitandani. Abiria wako wa daraja la kwanza nao wakaanza kuja na viraka. Walimu, mabwana pamba, hata wale wakubwa wa kwenda mikutanoni, wote suruali zimelika makalioni. Ukaamua kwamba kiraka ni nguo, ukawapitisha. Lakini soksi hukuzisamehe. Nilikuuliza mtu atatoa wapi soksi ndefu nchi nzima ikiwa haina hata uzi.

"Nikiachaga hilo," ukanijibu, "kesho wataingia na taulo."

Ndipo baba yangu akasafiri. Alikuwa ametoka Bunda kuja kumwona Nyamisi, mtoto mchanga wakati ule, na macho yalikuwa yanamsumbua, ukamtafutia nafasi ya daraja la kwanza aende hospitali Mwanza akiwa amelala vizuri. Hilo sikulisahau hata siku moja. Mkulima wa pamba yule, aliyezoea kulala juu ya magunia, ukampa kitanda chenye shuka. Alivaa vizuri kadiri alivyoweza: shati jeupe, kaptula yake ya kaki niliyoipiga pasi mwenyewe kwa mkaa, na makatambuga, viatu vya matairi ya gari, ameyasugua mpaka yanang'aa. Saa ya chakula cha mchana ikafika, akafuata harufu, akakukuta umesimama mlangoni.

Ulinisimulia wiki ileile. Ulisema uliangalia miguu yake kwanza, kwa mazoea. Ndani alikuwa amekaa bwana mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba, naye amevaa kaptula, ila yeye alikuwa na soksi. Ukainamisha macho, ukamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, samahani. Hapa hapana. Chakula chako nitakuletea nje." Baba akarudi nyuma haraka, akakushukuru. Akala sitahani, juu ya benchi, upepo ukimpeperushia mkate.

Nawe unajua alielewa nini. Kwetu mkwe hali mbele ya mkwe. Baba mkwe haonekani akitafuna na mume wa binti yake, wala mume wa binti hasimami kumwangalia mzee akifungua kinywa. Baba hakusoma kile kioo mlangoni, hakujua Kiingereza wala habari za soksi. Aliona kijana aliyeinamisha macho. Akarudi Bunda na sifa zako, akazimwaga kilabuni, akazimwaga kanisani, akamwambia kila mwenye binti kwamba yeye amepata mkwe. Kwenye meli ya serikali, mbele ya wakubwa, kijana alikumbuka mila za kwao. Kaka zangu walianza kukuletea mbuzi kila mavuno. Na wewe ulikuwa unawapokea, unakula kidogo, unasema umeshiba.

Siku ya kwanza ulicheka ulipopata habari. Ya pili hukucheka. Baadaye ukaniomba tusilizungumze.

Miaka ikageuka. Mlango wa biashara ukafunguliwa, ikawa ruksa. Robota za mitumba zikaingia Musoma, nami nikaweka meza sokoni ya nguo za kiume. Ghafla kila mtu akapendeza. Mvuvi alivaa koti la mtu wa benki, kondakta alivaa tai. Soksi ndefu zilizokufanya umtoe mzee mlangoni nilikuwa nazipata zimejaa kwenye robota, hazina mnunuzi, watoto wanaziomba wakatengenezee mpira. Nilikuletea jozi moja nyumbani nikidhani tutacheka. Ulizishika muda mrefu halafu ukaziweka chini ya godoro.

Na melini, watu walipopata nguo, chumba kikafungwa. Wakakitoboa dirisha, wakauza chai na maandazi, abiria waliovaa kama mawaziri wakala wamesimama. Ninyi wahudumu mkapunguzwa kazi. Ulirudi na sare yako imekunjwa kwenye gazeti. Ulikaa miezi unazunguka mjini ukisalimia watu, na nilikuwa nakuona unavyoangalia miguu yao. Mtu akapita akakwambia wakala wa mabaharia kule pwani anatafuta wahudumu wa meli za watalii. Ukaondoka. Nyamisi alikuwa anaanza kuchota maji mwenyewe.

Ulirudi mara moja tu. Naikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi, Mungu anisamehe. Tulikuwa tumehamia hapa Kiriba. Mchana, nimepika, nakutafuta uje ufunge kifungo tule, nakukuta umekaa nje juani kifua wazi, umevaa kaptula yenye maua mekundu na manjano, kandambili miguuni. Watoto wa jirani wamejipanga uani wanakuangalia. Nikauliza kama unaumwa.

"Mama Nyamisi," ukasema, "kule mchana matajiri wanakujaga mezani hivi hivi. Kaptula tupu. Wengine na kandambili, mchanga bado uko kwenye vidole. Na mimi ndiyo navutaga kiti, wakae."

"Na soksi?"

"Hakuna anayeulizaga."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukanieleza kwamba jioni ndiyo wanajikumbuka, wanavaa makoti, lakini mchana mtu yeyote na mapaja yake anaingia, na ukimzuia unafukuzwa wewe. Kisha ukaangalia vidole vya miguu yako. Nilijua unamwona nani. Ulikula chakula chote siku ile, kifua wazi, na sikuwahi kukuona mzuri vile. Ningekuwa na uwezo ningeifungia siku ile mlango isitoke.

Ukasema utakwenda Bunda kumweleza mzee ukweli. Sikukuzuia wala sikukusukuma, neno lilikuwa lenu wanaume wawili. Ulivaa suruali ndefu ukaenda. Kaka zangu walichinja. Ukawekwa nyumba yako, baba akawekwa nyumba yake, kila mtu na sahani yake kama mila inavyotaka, ukuta katikati. Na kupitia ukuta ule mzee akaanza kukubariki kwa sauti ili nyumba zote mbili zisikie.

"Watoto wa siku hizi wanakulaga na wakwe sahani moja," alisema. "Huyu wangu hapana. Huyu mimi nitakufa nikimtaja."

Ulirudi usiku wa manane, ukakaa ukingoni mwa kitanda. Nikauliza kama umemwambia. Ukasema, "Amezeeka, hana kitu kingine cha kujisifia. Ningemwambia ningekuwa nimempokonya." Mwaka haukuisha, baba akafa, nawe ulikuwa umesharudi baharini. Alikutaja kweli, kama alivyoahidi.

Tangu safari ile ya pili sijapata mstari wako. Kule pwani ofisi ya wakala imefungwa, sasa wanauza majokofu. Baharia mmoja wa Tanga alisema ulishuka bandari moja ng'ambo na hukupanda tena. Mwingine akasema uliugua, meli ikakuacha hospitali. Wa tatu alisema una mke wa kule na duka, naye nilimchukia, kisha nikaanza kuomba awe ndiye msema kweli. Nimekwenda kanisani, nimekwenda na kwa mganga, nasema hadharani bila aibu. Wote wamechukua walichochukua na wewe hukuja.

Jana niliwapelekea wazee nguo niliyochagua. Niliwapelekea kaptula ya maua. Nilijua watashangaa, lakini ndiyo nguo pekee niliyokuona umetulia ndani yake, na niliona aibu kukupeleka ardhini umefungwa vifungo. Mzee wa ukoo akaishika kwa vidole viwili. "Mama, mtu mzima haendagi kwa baba zake na kaptula," akasema. Nikawaambia mgomba hauna miguu, nani atajua. Hawakucheka. Wakanirudishia. Kwa hiyo umekataliwa mlangoni, Baba Nyamisi, kwa sheria uliyoilinda wewe mwenyewe, na hakuna aliyekuletea chakula nje. Watakuvika sare nyeupe. Nimeifua. Nimekataa koti, hilo walinisikiliza.

Kaka zangu wanakuja kutoka Bunda na mafahali wawili, kwa heshima ya mkwe aliyejua mila. Mmoja wao atasimama kusema maneno na atasimulia habari ya melini, sitahani, mzee na mkate wake. Nitakaa pale kwenye mkeka nimejifunika kanga, nisikilize mpaka mwisho. Wewe na baba mmekufa na mambo yenu, mimi ndiye nimebaki nayo.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Wazee wanasema aliyezikwa harudi. Akirudi akiwa hai, hapiti mlangoni, na kaburi lililochimbwa kwa ajili yake litadai mtu mwingine wa nyumba ileile. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, siyaamini hayo. Lakini siwezi kuyajaribu juu ya kichwa cha Nyamisi. Nimeshindana na nafsi yangu siku nyingi na hapa ndipo nilipofika.

Miaka hii yote kila nilichoandika kilikuwa cha kukuita. Hii ni ya kukuzuia. Kama uko hai mahali, una njaa, una ugonjwa, umechoka na watu wa kule, umetamani kwenu, usije. Ukishuka Musoma mtu atakuona, na taarifa itafika Kiriba kabla yako, na mwanao ataogopa kuzaa, kaburi lisije likamdai mtoto. Kaa hukohuko. Nilikupenda, na bado nikisikia mwanaume anabisha hodi mchana nawahi mlangoni mimi kwanza. Kuanzia Jumamosi nitamwambia Nyamisi awe anakwenda yeye kufungua, na kama ni wewe, aseme hapa baba yetu alishafariki.

Mama Nyamisi,
mkeo mpaka Jumamosi.